Kadibodi Chini ya Injini

Kila asubuhi, kabla ya chai,
naivuta kadibodi chini ya Korola, naisoma.
Jana matone matatu. Leo manne,
la nne dogo, kama nukta
mwandishi aliyoisahau, akarudi kuiweka.

Gari ni la mwaka tisini na tatu.
Mimi na Ndomba tulilitoa bandarini
likinuka viatu vya watu wengine,
na kitabu cha maelekezo cha Kijapani
ambacho pengine kinaeleza kila kitu.

Gerezani, dukani kwa Shamte,
makopo mawili juu ya kaunta.
Anagonga la dhahabu kwa ukucha:
"Sintetiki. Laki na ishirini.
Hii imepikwa maabara, mama, chembe zote saizi moja.
Foleni ya Tazara, saa nane mchana,
feni inalia, wewe unalia,
yenyewe haitikisiki."
"Na hii ya kawaida?"
"Elfu arobaini na tano," anasema,
kwa sauti ya mtu anayekutajia ndugu asiye na kazi.

Sikununua. Nikaenda kwa fundi Mwarami, Tabata.
Nikaongea na miguu yake,
kwingine kote kulikuwa uvunguni.

"Injini imekula kilomita laki tatu na ushei," miguu ikasema.
"Sili zimekauka kama midomo ya mfungaji saa kumi jioni.
Unajua nini kinazuia oili isimwagike yote?
Uchafu.
Tope la miaka limekaa kwenye nyufa, limeshika.
Sasa hiyo ya dhahabu ni msafi sana,
itaosha mpaka pembeni.
Ikishaosha ndipo utajua ulikuwa na nini."

Usipoziba ufa utajenga ukuta, tulifundishwa.
Hakuna aliyetufundisha habari ya ufa
uliojiziba wenyewe, kwa taka,
ukasimama miaka kumi na tisa.

Mimi nilipima damu za watu, hospitali, hadi nilipostaafu.
Naijua rangi ya kitu kilichochoka.
Nikachomoa kijiti, nikakifuta kwa karatasi ya chooni,
nikaitazama ile alama juani:
nyeusi katikati, kahawia ukingoni,
bado ina utelezi kati ya vidole.
Mgonjwa huyu, nikasema, hajafikia kuogeshwa.
Apewe uji wake aliouzoea,
mzito, ishirini kwa hamsini,
na asicheleweshewe: kila kilomita elfu tatu, filta juu yake.

Nikarudi Gerezani. Nikalipa elfu arobaini na tano.
Shamte akafunga kopo kwenye mfuko mweusi
kana kwamba tumefanya jambo la aibu.

Nyumbani nikamkuta Ndomba sebuleni,
kopo la dhahabu mapajani,
amelipakata kama mtoto wa mgeni.
"Nimelinunulia gari," akasema.
Pensheni yake ilikuwa imeingia Jumanne.
Nikamweleza habari ya sili, ya tope, ya kuosha.
Akasikiliza. Akaikuna lebo kwa kidole gumba.
"Kwa hiyo tuuache uchafu ukae?"
"Kwa sasa."
Akaniangalia muda mrefu kuliko oili inavyohitaji,
na mimi nikafikiria Morogoro,
ule mwaka wa Morogoro,
ambao hakuna kati yetu aliyewahi kuuchomoa na kuupangusa.

Jioni tukamwaga ile ya zamani kwenye beseni.
Yeye alishika tochi, mimi nikashika faneli.
Oili mpya ikashuka polepole, rangi ya asali mbichi,
na injini ilipowaka ikakohoa mara moja, ikatulia,
ikawa inanguruma kwa chini
kama mtu anayetafuta neno.

Leo asubuhi, matone mawili.

Kopo la dhahabu liko nyuma ya mlango.
Siku tukibadilisha sili zote, anasema Ndomba,
siku tukiifungua injini yote, tulifungue na hilo.
Nikifagia nalisogeza.
Nikimaliza kufagia nalirudisha palepale.